Upande Mmoja wa Mdomo

Kabla hujakitia kinanda mdomoni, sukutua. Naanza na hilo kwa makusudi. Najua mnataka nianze na nyimbo, lakini nimetoa punje za wali na miba ya perege kwenye vinanda vya watu mpaka nimechoka. Ndani ya kinanda cha mdomo mna vijilimi vyembamba vya shaba. Pumzi ikipita vinatetemeka, na huko kutetemeka ndiko sauti. Kijilimi kikikwama kwa chembe ya wali, hata uwe na pumzi ya nyati hakitoi kitu. Kwa hiyo sukutua, tema nje, halafu tuzungumze.

Katibu wa kwaya yenu alikuja kwangu juzi baada ya misa. Aliniamkia vizuri, akaniulizia magoti, akaniulizia kuku, nikajua ana shida. Kumbe mmenunua kinanda cha mdomo Ifakara mjini, na kila mnayempa anatoa mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta. Mkaona mmwombe Bibi Skola aandike. Kuwaonyesha siwezi tena, maana meno yangu ya mbele yamestaafu, na midomo isiyo na meno nyuma yake haina pa kuegemea. Basi nitaandika, nanyi someni huku mkijaribu.

Kwa wale wageni, mimi nimefundisha kwaya za vigango vya bonde hili tangu usichana mpaka nilipokabidhi kijiti. Nimefundisha hapa Michenga, nimefundisha Mlimba, na mara mojamoja nimefika Masagati, ambako barabara ikikatika unakaa mpaka ujue majina ya mbuzi wa wenyeji. Kinanda kikubwa kilikaa parokiani. Masika bonde linapojaa maji, nani angekibeba kwenye mtumbwi? Cha mdomo nilikifunga kwenye pindo la khanga, nikifika nakitoa, nawapa soprano sauti yao, alto yao, tenori na besi zao, tunaanza. Leo mna simu zinazotoa do. Sina ugomvi nazo, ila simu haijui mwimbaji wako ameamka na mafua, na mwalimu mwenye kinanda mdomoni anajua, anashusha.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Engelbert wa hapahapa Michenga, aliyeiongoza kwaya hii kabla yangu. Siku ya kwanza aliniambia nifanye mdomo kama wa kupiga mluzi. Wavulana hufundishwa hivyo na kwao inafaa, maana mluzi wanaujua hata kabla ya sala. Mimi nilikuwa sijapiga mluzi maisha yangu yote. Nyumbani kwetu msichana akipiga mluzi bibi alimfuata na mwiko, akisema anaita nyoka ndani. Nikakaa mbele ya Mwalimu nimekunja midomo, hakitoki kitu, naye hajui sababu. Nilipomwambia alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniuliza nyumbani kwetu nani anawasha moto. Nikasema mimi. Akasema vizuri, basi fanya kama unapuliza moto.

Nikapuliza moto. Jamani, kuni za masika ni mbichi, na mtoto wa kike aliyezoea kuni mbichi ana pumzi ya mvukuto. Nilikipuliza kinanda cha Mwalimu hadi kijilimi cha so kikalegea, na tangu siku hiyo so yake ikawa inaning'inia chini kidogo ya mahali pake. Hakunigombeza. Alikitazama kinanda, akanitazama mimi, halafu akamwita mkewe, Mama Gaudensia, akamwomba kikombe cha uji wa moto.

Uji ule ndio uliokuwa chuo changu, na leo nawapa ninyi bure. Kupuliza kinanda ni kumpoozea mtoto uji. Hupulizi kwa nguvu, utaurusha. Unaachia pumzi ya uvuguvugu itoke tumboni, taratibu, shingo imelegea. Kuvuta ni kuunywa uji ule ule ungali moto, pembeni mwa kikombe, pale unapovuta na hewa kidogo ili usiungue. Tazameni mnavyofanya midomo saa hiyo. Inakuwa ya duara, imelowa, inatangulia mbele kidogo, na taya limeshuka lenyewe. Huo ndio mdomo wa kinanda. Hauna haja ya mluzi wala nyoka.

Sasa midomo yenyewe ikae wapi? Wengi wanakigusa kinanda kwa ncha za midomo, kama mtu anayeonja mboga ya jirani asiyemwamini. Sauti inatoka nyembamba, imechanganyika na upepo. Kiingize. Mdomo wa juu uupandishe kwenye bati la juu zaidi ya unavyodhani, wa chini vilevile, na kinachogusa kinanda kiwe ile nyama laini ya ndani yenye mate, siyo ngozi kavu ya nje. Ukitaka kujua kama umekiingiza vya kutosha, pandisha nyuma ya kinanda kidogo, tundu zielekee chini kwenye ulimi. Kikitulia chenyewe, umepata. Na pua zizibe kwa vidole mara moja moja ujijaribu. Sauti ikibadilika ulipoziba pua, ujue nusu ya pumzi yako ilikuwa inatorokea puani.

Tundu ni kumi. Zile za kushoto zina sauti nene, za kulia nyembamba. Anzieni tundu la nne. Ukipuliza ni do, ukivuta ni re. La tano, kupuliza mi, kuvuta fa. La sita, kupuliza so, kuvuta la. Mpaka hapo mtu anajiona ameshakuwa mwalimu. Ukifika la saba, mambo yanageuka: hapo unaanza kuvuta, upate ti, ndipo upulize upate do ya juu. Maana yake la na ti zote unavuta, mbili mfululizo, huku ukihama tundu. Nimeona wanaume wazima wanasimama pale la saba kama ng'ombe aliyefika darajani. Msilikimbilie. Lirudieni polepole mpaka mapafu yenyewe yazoee.

Kuhusu maji nitasema mara moja tu. Kinanda changu cha kwanza kilianguka kwenye maji yaliyotuama ndani ya mtumbwi, tukivuka kwenda kigango cha ng'ambo. Mimi, mtoto wa mkulima wa mpunga, nikawaza kwamba mpunga unanyonya unyevu. Nikakisukumia ndani ya gunia la mpunga, nikalala kwa amani. Mnacheka, na ninyi simu zenu mnazifukia kwenye mchele. Asubuhi kila tundu limejaa vumbi na makapi, na ubao wa katikati, ule uliotobolewa tundu, umevimba, umetokeza kingo zenye makali. Nilikijaribu hivyohivyo kikanichana mdomo, Jumapili nikaimba alto nikiwa na mdomo kama wa kambale. Mwalimu alikifungua kwa bisibisi, akakaa kibarazani akitoa kapi moja moja kwa unyoya wa kuku. Kinanda kikilowa, kikung'ute kwenye kiganja, tundu zitazame chini, kikauke kivulini chenyewe. Basi.

Mwalimu alikuwa mpole hivyo kwa kila kitu, isipokuwa ulimi. Nilipokuwa naenda Mlimba, fundi mmoja wa reli alinionyesha namna nyingine ya kupiga. Unafunika tundu nne kwa mdomo, halafu ulimi unaziba tatu, sauti inapita kwenye kona moja ya mdomo peke yake. Ukiunyanyua ulimi na kuurudisha, tundu zile tatu zinaitikia, unasikia kama kuna mtu wa pili anakupigia gitaa. Nilirudi Michenga nimejaa furaha, nikampigia Mwalimu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia huo ni ulimi wa kilabuni, kanisani ulimi ukae nyuma ya meno. Nikautumia huko huko Mlimba, kwake sikuutumia tena.

Nimemtaja mkewe, na inabidi mumjue vizuri. Mama Gaudensia alikuwa mwanamke wa staha za zamani. Alimtunza mumewe kwa kila kitu, lakini mbele za watu hungewaona wamekaa benchi moja. Njiani yeye alikuwa nyuma hatua kadhaa, na kikapu chake. Hata kumwita alimwita Mwalimu, kama sisi wanakwaya. Ukiwaona ungedhani ni mtu na jirani yake wanaoheshimiana sana. Sisi wasichana tulikuwa tunaulizana hivi wale mabinti wanne walipatikanaje.

Na hao mabinti ndio wamenifanya nichukue kalamu, kwa sababu kuna jambo la midomo ambalo siwezi kulieleza bila wao. Mwalimu alikuwa na desturi yake mwenyewe. Alipomwoza binti wa kwanza alitunga wimbo usio na maneno, akampigia kwa kinanda cha mdomo kutoka mlangoni kwao mpaka kwenye kigango. Baba mbele anapiga, bibi harusi nyuma anaufuata wimbo, kisha sisi. Unaanza na do, mi, so za kupuliza, unapanda kwa utulivu, halafu unashuka kama mtu anayegeuka kutazama nyumba. Wa pili akampigia huohuo, wa tatu akampigia. Akabaki kitindamimba, Restituta, ambaye tangu mdogo alikuwa anamwambia baba yake wimbo wake usipigwe haraka kama wa dada zake.

Restituta akapata mchumba, kijana wa Mlimba. Harusi ikapangwa baada ya mavuno. Masika ya mwaka huohuo kiharusi kikampiga Mwalimu akiwa shambani. Nilikuwa nimeshairithi kwaya yake wakati huo. Tulimpeleka hospitali, akarudi akiwa hai, tukamshukuru Mungu, lakini upande wa kulia ulikuwa umelegea wote. Mkono wa kulia ulining'inia. Mguu aliuburuta. Shavu la kulia lilishuka, kona ya mdomo ikafuata, na maneno yakawa yanatoka moja moja, mazito, mengine hayatoki. Mtu aliyefundisha bonde zima kutamka maneno ya zaburi.

Alipopata nguvu za kukaa, alinyoosha mkono wa kushoto akanipa kinanda chake. Nilielewa. Alikuwa ananiambia harusi ya Restituta nipige mimi. Nililia, sitaki kuwaficha. Lakini Restituta alipoambiwa, alisema kwa sauti ya chini kabisa kwamba anampenda dada Skola, ila asipopiga baba yeye atavaa gauni lake, ataketi chumbani, na hatatoka. Hata kama ni noti mbili, apige baba. Huko Mlimba nao wakwe walishasikia kwamba mzee hawezi, wakatuma ujumbe wa kiungwana kuwa watakuja na tarumbeta zao, tusijisumbue. Mama Gaudensia akaogopa. Harusi ikiahirishwa kwa sababu ya ukaidi wa binti, wakwe watasemaje? Akanituma niende nikamshawishi mtoto. Nikaenda kumshawishi, nikarudi nimeshawishiwa mimi.

Nikaanza kwenda kwao kila alasiri. Mara ya kwanza Mwalimu alikishika kinanda kwa mkono wa kushoto, akakiingiza mdomoni vizuri kabisa, kama alivyonifundisha, akapuliza do. Shavu la kulia likavimba kama puto, hewa ikapenya kwenye kona iliyolegea, ikatoka fyuu, na mate yakafuata kidevuni. Kinandani hakikusikika kitu. Akakiweka kwenye mapaja, akageuza uso ukutani. Niliumia kuliko siku nilipoambiwa kwamba amepigwa kiharusi.

Nikamwomba avute. Sijui ni nini kilinituma. Akavuta, na re ikatoka, dhaifu lakini yenyewe, imesimama mahali pake. Akanigeukia. Tukajaribu fa, ikatoka. La, ikatoka. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikuwahi kulifikiria miaka yote: unapovuta, pumzi inaubana mdomo kwenye kinanda, hata ule uliolegea unafuata. Unapopuliza, pumzi inausukuma utoke. Kwa hiyo nusu ya solfa alikuwa nayo, na nusu imemtoroka. Nikamwambia labda tubadilishe wimbo uanze kwa noti za kuvuta. Akatikisa kichwa. Akahangaika na maneno mpaka likapatikana moja, juu ya Restituta: "Anaujua."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikajipa moyo, nikamweleza juu ya ule ulimi wa kilabuni. Nilimwambia kama upande wa kulia haufai, tuuzibe kwa ulimi, noti zote zipite kona ya kushoto, ambayo ni nzima. Nilisema huku natazama chini. Nikasikia anacheka, kicheko cha kuburuta, cha upande mmoja. Mama Gaudensia, aliyekuwa anapepeta mchele pale mlangoni, akasema samaki hukunjwa angali mbichi, huyu ameshakauka, utamvunja. Lakini Mwalimu alikuwa ameshaanza.

Vijana, nimefundisha watu wengi, sijaona mwanafunzi kama yule. Ulimi wenyewe ulikuwa mzito, ulikuwa unateleza. Akakaa nao. Alikuwa anafanya nisipokuwepo, nilijua kwa sababu siku ya pili kinanda kilikuwa kimelowa kabla sijafika. Noti za kuvuta zikawa safi kabisa, zinapitia kona ya kushoto kama maji yanayopita mfereji uliochimbwa vizuri. Za kupuliza zikawa afadhali tu. Shavu lilikuwa bado linavimba, pumzi inaliwa humo.

Siku moja alikuwa anaitafuta do, anaikosa, anaitafuta tena, nami kwa uchungu wa kumtazama nikanyoosha mkono, nikalikandamiza shavu lake la kulia kwa kiganja. Do ikatoka. Ikatoka nzima, ya mviringo, kama za zamani. Sote wawili tulishtuka. Nikaondoa mkono upesi, maana Mama Gaudensia alikuwa amesimama pale na ungo, na mimi ni mwanamke nimemshika mume wa mtu usoni, tena mwalimu wangu. Aliuweka ungo chini akaenda kuchota maji.

Kesho yake nilipobisha hodi nilimkuta amekaa kwenye benchi, upande wa kulia wa mumewe. Benchi moja. Akaniambia nianze. Akalishika shavu kwa kiganja, macho ameyapeleka ukutani kama mtu anayemshikilia mbuzi wa jirani wakati wa kuchanjwa. Wimbo ukapigika mpaka katikati. Tangu siku hiyo kazi ya shavu ikawa yake. Lakini mtu yeyote akibisha hodi, hata mtoto aliyetumwa chumvi, mkono uliruka kama umeshika sufuria la moto.

Wiki ya harusi ikafika, na nilijua swali ninalotakiwa kuliuliza. Nikamuuliza jikoni, tukiwa wawili. Akajibu bila kugeuka kwamba ndani atashika mpaka mkono ufe ganzi, ila njiani, mbele ya wakwe, hawezi. Mama wa bibi harusi hatoki na msafara, anabaki na masufuria, ndivyo alivyolelewa. Na mwanamke wa umri wake kumpapasa mwanaume usoni barabarani ni kitu ambacho hajawahi kukiona. Sikumlaumu. Mimi nisingeweza kumshika, hilo lilikuwa wazi bila kusemwa. Restituta angekuwa nyuma na gauni lake. Mwalimu mwenyewe alipoulizwa alisema atapiga peke yake.

Nikafanya ujanja wangu wa mwisho. Nilichukua kitambaa cheupe, nikakizungusha chini ya kidevu chake, nikakibana kwenye shavu, nikafunga fundo utosini. Shavu likatulia. Kabla hajapuliza, Mama Gaudensia akaingia. Chungu kilimponyoka. Alikuja akakifungua kile kitambaa kwa meno, akaniambia, "Skola, hivyo hufungwa marehemu. Wangu bado yupo." Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimewahi kusaidia kuwafunga marehemu wangapi, na bado sikuona nilichokuwa nafanya, nilikuwa naona shavu tu.

Siku ya harusi wakwe walifika na treni ya kutoka Mlimba, wengi, wamependeza, na tarumbeta zao zinang'aa. Mjomba wa bwana harusi, mtu mwenye adabu, alisimama karibu na wapigaji wake akisubiri. Mwalimu alitoka na koti lake la kwaya. Wanakwaya tulijipanga. Mlangoni alisimama Restituta, shela imemfunika uso, hasogei. Kutoka pale mpaka kigango ni mbali kiasi cha kupita mashine ya kukoboa na nyumba chache. Nilikuwa na kinanda changu mkononi, ikiwa tu itanilazimu.

Mwalimu akaweka kinanda mdomoni. Akapuliza. Fyuu. Mate yakateremka kwenye koti. Akajifuta kwa bega, akaweka tena, shavu likavimba, fyuu. Watu walikuwa kimya, kimya kile cha adabu ambacho ni kibaya kuliko kicheko. Akavuta, re ikatoka peke yake, haina mwenzake. Nikaona mjomba wa bwana harusi anainua mkono kidogo kuwaelekea watu wa tarumbeta, kwa huruma, kumwokoa mzee wa watu. Restituta aliliona hilo pia. Akarudi hatua moja ndani ya mlango.

Mama Gaudensia alitokea upande wa jikoni. Alikuwa na khanga ya kazi, mikono imejaa unga, kwa sababu hakutegemea kuonekana na mtu. Aliifuta mikono kwenye khanga akitembea, akapita mbele ya wakwe bila kuwaamkia, kitu ambacho hajawahi kukifanya maisha yake yote. Akasimama kulia kwa mumewe. Akampangusa kidevu kwa pindo, akaweka kiganja shavuni, akasema, na wote tulisikia, "Puliza, Engelbert."

Hata mimi nilikuwa sijawahi kumsikia akimwita jina.

Do ikatoka. Mi ikatoka. So ikatoka ikining'inia chini kidogo, na mtu akiniambia ilikuwa mbaya nitagombana naye. Wakaanza kutembea, yeye anaburuta mguu, mkewe amepunguza hatua zake zifuate za kwake, bega kwa bega katikati ya barabara. Wimbo ulikwenda taratibu sana, kwa sababu ya mguu, na kwa sababu pumzi yake ilikuwa fupi. Restituta akatoka mlangoni akaufuata. Nyuma yangu nilisikia besi wanalia, na besi wakilia hakuna anayebaki salama. Mjomba wa bwana harusi alivua kofia. Kinanda changu kilikaa mkononi njia nzima, sikukipuliza hata mara moja.

Tulifika mlango wa kigango. Mwalimu alipiga zile noti za kushuka, ya mwisho ikaisha pole pole, akakiondoa kinanda mdomoni. Restituta akampita, akamgusa bega, akaingia. Bwana harusi akaingia. Wakwe wakaingia wote, wakipita pembeni yao, wakiwatazama. Mkono wa Mama Gaudensia ulikuwa bado uko shavuni.

Mwalimu akamgeukia. Akayatafuta maneno kwa muda, na yalipokuja yalitoka safi kuliko yote niliyomsikia tangu augue.

"Wimbo umeisha."

Mama Gaudensia akamjibu kwamba anajua, na mkono akauacha palepale.